Treni ya kila nusu saa: anza na mzunguko

Ratiba huzichora kwa penseli nyuma ya daftari la madeni, hapa dukani kwangu Kireka. Tuseme Kampala hadi Namanve ni dakika 35, na kila mwisho dakika 10 za kugeuza. Mzunguko, yaani kwenda, kurudi na kugeuza: dakika 90. Kila dakika 30? Gawanya: treni 3. Kila 45, treni 2, lakini mama wa sokoni atazikumbukaje saa hizo? Uswisi walichagua kila saa, nchi nzima, mwaka 1982.

Penye kazi ni hapa: reli ni moja. Treni za kila dakika 30 hukutana kila baada ya dakika 15 za mwendo, na hapo hapo pawe na njia ya kupishania. Hakuna? Rudi kwenye kila saa: 90 kwa 60 ni moja na nusu, basi treni 2, njia ya kupishania moja tu katikati.