Ukitoka Goodsprings, usikimbilie Vegas

Ukianza Fallout: New Vegas, gemu ya mwaka 2010, unatoka nyumbani kwa daktari pale Goodsprings, kijiji cha kuanzia, na kutamani kunyoosha kaskazini mpaka Vegas. Usithubutu. Mimi nilithubutu usiku mmoja wa Julai hapa Uyole, nimejifunika blanketi mbili, na kabla chai haijapoa nilishakufa mara nne. Njia hiyo inapita machimbo ya Quarry Junction, maskani ya Deathclaw, majitu yenye makucha marefu, na bastola yako ya mwanzo kwao ni kama kumrushia tembo punje za mahindi.

Shika barabara ya kusini: Primm, Nipton, Novac, ndipo upande kwenda Vegas. Ni kuzunguka, ndiyo, lakini njiani unapata silaha, kazi na pesa, ambazo huko ni vifuniko vya soda.

Mzigo ukizidi, hukimbii tena. Kabla ya kuokota kitu, gawanya bei yake kwa uzito wake. Sahani na ndoo achana nazo (mama yangu angebeba zote).

Kipima mionzi kikianza kutatarika, geuza. Maji ya chooni yanaongeza afya kidogo, ila na mionzi unaipata humo humo.

Halafu hifadhi gemu (save) kabla ya kufungua mlango wowote, tena kwenye faili jipya. Uniti za umeme ziliniishia nikiwa ndani ya pango, saa tatu nzima za kazi zikapotea. Siku hizi naangalia mita kwanza, ndipo nawasha kompyuta.