Jinsi Msanii Mwanamke Anavyoweza Kuukabili Ukatili Mtandaoni Bila Kumhatarisha Manusura

Msanii wa shanga wa Kimaasai anayeishi na kuuza kazi zake jijini Nairobi anaweza kuueleza ukatili bila kuuonyesha mwili uliojeruhiwa. Jaime Black, msanii wa asili ya Métis, mojawapo ya jamii asilia za Kanada, alifanya hivyo kuanzia mwaka 2010, alipotundika magauni mekundu matupu mahali pa wazi kuwakumbuka wanawake wa jamii asilia waliouawa au kupotea.

Anza na manusura mwenyewe au, ikiwa ameuawa, familia yake. Mweleze kazi itawekwa kwenye mitandao gani, na kwamba kitu kikishasambaa mtandaoni hakirudi hata ukikifuta. Siku ya kuchapisha muulize tena, kwa kuwa aliyekubali mwezi uliopita huenda sasa anaogopa. Akisita, usichapishe, hata kama kazi ni nzuri kiasi gani. Jambo hili halina mjadala.

Kuficha jina hakutoshi. Miongoni mwa Wamaasai, rangi za shanga na mpangilio wake huweza kuonyesha mvaaji ni wa sehemu gani na kama ameolewa, kwa hiyo mkufu ulionakiliwa kama ulivyo unaweza kumfichua mtu kwa jamaa zake wote kabla hawajasoma neno lolote. Buni mpangilio mpya, kisha umwonyeshe mwanamke mzee unayemwamini, anayezisoma shanga kuliko wewe.

Unapopiga picha, zima huduma ya mahali kwenye simu, na usipigie dirishani pako. Maelezo yawe mafupi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, pamoja na nambari 1195, inayopigwa bila malipo na waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Ikiwa kazi inahusu ubakaji, andika kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Usimtaje mshukiwa: unaweza kushtakiwa kwa kumharibia jina, na kesi ya manusura ikavurugika.

Hashtegi ambayo watu wameizoea husaidia kuliko mpya. Mnamo Novemba 2014, #MyDressMyChoice iliwakusanya wanawake kuandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, na Januari 2024 maelfu waliandamana tena kupinga mauaji ya wanawake. Kazi iliyokamilika mapema huwa tayari siku kama hizo.

Matusi yatakuja, na mara nyingi vitisho pia. Mwombe rafiki asome maoni kwa niaba yako kwa siku za kwanza. Kabla ya kumzuia anayetisha, hifadhi picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na kiungo. Akisambaza picha za faragha, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inalihesabu tendo hilo kuwa kosa la jinai. Nenda kituo cha polisi ukiandamana na mtu mwingine, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.