Mafunzo ya likizo kwa walimu wa kompyuta: njoo na mashine yako mbovu

Mara ya kwanza kuandaa mafunzo ya likizo kwa walimu wa kompyuta, niliboronga. Nilitafuta ukumbi wenye intaneti pale Mtwara mjini, nikaazima projekta, nikaandaa slaidi mpaka macho yakauma. Tulikula pilau, tukapiga picha ya pamoja, kila mtu akaondoka na cheti chenye muhuri. Agosti nikapita shuleni kwa mmoja wao, juu huko uwanda wa Makonde. Maabara ina kufuli, kompyuta zimefunikwa vitenge, na vumbi lililokuwa juu ya vitenge ungeweza kupanda muhogo. Mwalimu hakunificha: "Kaka, ulitufundisha vizuri. Ila mashine zako si mashine zangu."

Tangu siku hiyo naendesha kwa sharti moja: kila mwalimu anakuja na kompyuta ya shuleni kwake, na si ile nzuri ya ofisini kwa mkuu. Aje na ile iliyoshindikana. Nimefanya hivyo Masasi likizo tatu sasa. Ukitaka kuendesha ya kwako Lindi, Ruangwa au Nanyumbu, chukua utaratibu huu na ubadilishe panapokubana.

Hatua ya 1: Panga siku kwa kuangalia mikorosho

Wenzetu Marekani wana likizo ya kiangazi ya miezi miwili na zaidi. Chama chao cha walimu wa sayansi ya kompyuta, CSTA, kilichoanzishwa 2004, hufanya mkutano wake mkuu Julai, watu wakiwa hawana vipindi. Sisi tuna Juni, na Juni ya Kusini ina kazi zake. Mikorosho inaanza kuchipua na kutoa maua, baridi na umande vinaleta ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mikorosho, na mwalimu mwenye shamba yuko na mashine ya kupulizia salfa alfajiri kabla upepo haujaamka. Upande wa Nachingwea na Ruangwa wengine macho yako kwenye minada ya ufuta. Ukipanga wiki mbili mfululizo, utabaki na viti.

Salfa hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Siku tano zinaingia vizuri katikati ya mipulizio miwili. Mimi huchukua wiki ya pili ya likizo, Jumatatu hadi Ijumaa, tunaanza saa tatu asubuhi. Ijumaa tunafunga saa sita, watu wawahi swala, na wa mbali wapate gari la kurudi.

Masasi nimeichagua kwa sababu ya njia tu. Wa Newala, wa Nachingwea, wa Mangaka, wa Ndanda na hata wa Lindi wote wanafika kwa gari moja.

Hatua ya 2: Barua kabla ya kompyuta

Andika kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, kupitia kwa mkuu wa shule yako, mwezi mzima kabla. Ndani ya barua taja MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, maana utaratibu huo wa serikali wenyewe unataka walimu wajifunze kwenye jumuiya zao za kujifunza, shuleni na kwenye klasta. Huombi hisani, unatekeleza. Barua iliyoandikwa hivyo haikai sana kwenye trei.

Kila kompyuta inayotoka shuleni iandikiwe: namba ya mali, nani kaichukua, inarudi lini, sahihi ya mkuu. Kompyuta ya serikali ikionekana juu ya bodaboda haina karatasi, utaeleza mpaka usiku.

Na lile la posho liseme mapema, kwa maandishi: hakuna. Kuna chai, kuna chakula cha mchana tunachochangia, na kuna mashine yako kurudi nyumbani ikiwaka. Watakaojitoa kwa sababu hiyo waache wajitoe. Wanaonyonyesha waambie waje na mtoto na wa kumshika. Mwaka wa kwanza sikulisema hilo, nikakosa madam wawili ambao nilikuja kugundua baadaye kwamba ndio wajuzi kuliko mimi.

Hatua ya 3: Pakua vyote ukiwa na bando

Usitegemee intaneti siku yenyewe hata kidogo. Wiki moja kabla weka haya kwenye diski ya nje, pamoja na nakala kwenye flashi mbili:

Thonny, programu ya kuandikia Python (lugha ya kuipa kompyuta maagizo), iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Ni nyepesi, inakuja na Python yake ndani, na kwa mwanafunzi wa kuanza haina vitufe vya kumtisha. Hapa angalia kitu kimoja: mashine nyingi tunazopokea kwenye misaada bado zina Windows 7, na Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8. Kwa hiyo pakua pia Thonny yenye Python 3.8, la sivyo utakaa unahangaika na ujumbe wa hitilafu mbele ya watu wazima.

Scratch ya kusakinisha, ya kutunga programu kwa kupanga vipande vya rangi, ambayo unaweza kuigeuza iwe ya Kiswahili. Scratch 3 inataka Windows 10 au zaidi. Kwa mashine kongwe beba na toleo la zamani la 1.4.

Kolibri kwa masomo yasiyohitaji mtandao, Kiwix yenye Wikipedia ndani yake, na Linux nyepesi, mfumo endeshi wa bure, kwa mashine ambazo Windows imezishinda. Kumbuka Windows 10 yenyewe iliacha kupokea masasisho ya bure ya usalama Oktoba 2025, kwa hiyo suala la Linux si la wapenda vituko tena.

Flashi za washiriki zisiguse mashine yoyote kabla hujazisafisha. Kirusi kile kinachoficha mafaili na kuacha njia za mkato kimezunguka mkoa huu kuliko mabasi.

Hatua ya 4: Jumatatu ni ya bisibisi

Watu hutegemea uanze na hotuba. Wape bisibisi.

Chomoa waya wa umeme, fungua kava, gusa bati la kava kwanza ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Pawa saplai usiifungue: ndani kuna vitu vinavyobaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Kisha brashi laini ya rangi, mpya, na subira. Wa Newala na Tandahimba mashine zao zimejaa vumbi la mchanga mwekundu, feni imekuwa kama kichuguu. Wa Mikindani na Kilwa ugonjwa wao ni chumvi ya bahari, utaiona kama kutu ya kijani kwenye miguu ya vifaa.

Mashine inayolia bip bip na skrini nyeusi, mara nyingi ni RAM, kile kijiti cha kumbukumbu ya muda. Ing'oe, sugua meno yake ya shaba kwa ufutio laini wa penseli, pangusa, irudishe mpaka vishikizo vyote viwili vilie "ta". Mashine ambayo kila ukiwasha inarudi tarehe ya miaka mingi nyuma, betri yake ya sarafu, CR2032, imekufa. Ni kibetri kidogo, lakini tarehe ikiwa ya uongo tovuti nyingi zenye ulinzi hazifunguki, na mwalimu anabaki kulaumu mtandao.

Likizo iliyopita zililetwa tisa zilizokufa. Jioni ya Jumatatu sita zilikuwa zinawaka. Zile tatu tulizifanya vipuri, na hilo nalo ni somo, maana kuna walimu wanaoogopa kuandika "mbovu" kwenye leja hadi maabara inakuwa makaburi.

Nitakuwa mkweli: siku hii ndiyo inayonipa washiriki wa mwaka unaofuata. Mwalimu wa hesabu aliyetupiwa somo la kompyuta kwa sababu tu ana laptopu, akishaiwasha mashine kwa mkono wake, anaanza kukaa mbele.

Hatua ya 5: Jumanne tumia bao

Sehemu hii ndiyo niipendayo, nitakaa nayo kidogo.

Kuna mazoezi mengi ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta, na yale yaliyoenea zaidi yalianzia New Zealand miaka ya 1990: kadi zenye vitone 1, 2, 4, 8, 16. Ni mazuri. Lakini sisi tuna ubao wa bao, na bao limejipanga kama lilijua. Safu nne, kila safu mashimo manane. Mashimo manane, biti nane (biti ni sifuri au moja), baiti moja. Ubao mzima ni baiti nne.

Fanya hivi. Chukua safu moja. Shimo la mwisho kulia lina thamani ya 1, linalofuata 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, na la mwisho kushoto 128. Shimo lenye kete ni moja, tupu ni sifuri. Lile shimo la nyumba lihesabu kama mengine tu, wazee wakilalamika waombe radhi. Anza na namba ndogo: nani ataweka 13? Kete kwenye 8, 4 na 1. Nani ataweka 200? Waache wabishane.

Wakishazoea, toa jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake, lililotoka mara ya kwanza 1963. Lina alama 128, herufi A ni 65. Waambie waandike KUSI, safu moja herufi moja. K ni 75: kete kwenye 64, 8, 2 na 1. U ni 85, S ni 83, I ni 73. Ubao wote unakula kete 15, na mbele yako umeandika upepo unaovuma nje ya dirisha.

Jambo ambalo sikulipanga lilitokea likizo ya pili. Mwalimu aliyekaa mkabala, kama wachezaji wa bao wanavyokaa, alisoma K yangu akapata 210. Yeye kulia kwake ni kushoto kwangu. Tulibishana dakika kumi nzima kabla ya kugundua kwamba hakuna aliyekosea: hatukukubaliana kusoma tokea upande gani. Sasa naliacha litokee makusudi, halafu nauliza, "Kompyuta mbili zikipeleka data bila kukubaliana hivyo?"

Halafu mchezo wa wizi. ASCII haitumii lile shimo la 128, liko tupu siku zote. Tulipatie kazi: kila safu iwe na idadi shufwa ya kete. K, U na S zina kete nne nne, ziko sawa. I ina tatu, basi ongeza moja kwenye 128. Geuka ukutani, mtu mmoja aondoe kete au aongeze moja popote. Ukigeuka, safu yenye witiri ndiyo iliyochezewa. Wakishangilia, waambie waibe mbili kwenye safu moja, uone unavyoumbuka. Hapo kidato cha pili kitaelewa namna data inavyokaguliwa, na pia kwa nini ukaguzi huo mmoja hautoshi.

Kuhusu lugha: wazo lifundishe kwa Kiswahili mpaka likae, ndipo utoe istilahi ya Kiingereza na kuiandika ubaoni, kwa kuwa mtihani wa taifa utaulizwa hivyo. Ukianza na istilahi, wanakariri.

Hatua ya 6: Jumatano, Python ya korosho

Mistari minne inatosha kwa asubuhi nzima:

kilo = float(input("Kilo ngapi? "))
bei = float(input("Bei ya kilo moja? "))
makato = float(input("Makato kwa kilo? "))
print("Unapokea shilingi", kilo * (bei - makato))

Kila mtu Kusini anajua hesabu hii, amewahi kuipiga kwa kidole kwenye mkono wa muuzaji. Baada ya hapo waambie wafute neno float kwenye mstari wa kwanza, na badala ya hesabu ya mwisho waandike kilo * 3. Mtu anaingiza kilo 5 akitegemea 15, anapata 555. Usieleze haraka. Waache waguse, wakune kichwa, mpaka mmoja aseme kwamba mashine imeichukua 5 kama herufi, si namba. Mchana wanatunga programu zao. Waliochoka nawapa Scratch.

Hatua ya 7: Alhamisi na Ijumaa, kila mtu afundishe

Dakika ishirini kila mmoja, wenzake wakiwa kidato cha pili. Kompyuta moja kwa watu wanane, kama ilivyo kweli. Gawa majukumu kwa vikaratasi: mmoja hajawahi kushika mausi, mmoja anajifanya anajua kuliko mwalimu, mmoja anasinzia. Na mimi nakaa karibu na swichi kubwa. Dakika yoyote nazima umeme.

Wengi huduwaa. Madam mmoja wa sekondari ya kata, nilipomzimia, hakugeuka hata kunitazama. Alivuta ubao wa bao, akasema, "Tuliishia herufi gani?" akaendelea.

Maoni yana kanuni: kwanza sema utakachomwibia mwenzako ukakifundishe kwako, ndipo useme jambo moja lililokushinda kuelewa. Moja tu. Walimu tukiachiwa tunasahihishana mpaka mtu anatamani kulia.

Hatua ya 8: Julai

Kundi la WhatsApp likibaki na salamu za asubuhi na maua, limekufa, lifunge. La kwetu lina sharti: kila Ijumaa picha moja ya kilichoharibika wiki hiyo. Wiki ya tatu ya muhula natembelea angalau shule mbili, nakaa nyuma ya darasa, siendi na daftari la ukaguzi.

Vile vipuri vya mashine zilizokufa viko kwenye kasha moja la bati linalosafiri kwa basi toka shule hadi shule. Lina vijiti vya RAM, vibetri vya sarafu, kibodi mbili na bisibisi. Sasa hivi liko Nachingwea, na zamu inayofuata ni ya Newala.