Somo: Android, iOS au kwingineko? Namna ya kuchagua pa kuanzia na programu yako

Wakuu, habari za wakati huu. Kila wiki kuna anayeuliza: nina wazo la programu ya simu, nianzie wapi? Majibu huwa ya ushabiki mtupu. Kabla ya yote, jueni kwamba wenye mifumo endeshi ya simu (Google na Android yake, Apple na iOS ya iPhone) wanawahitaji nyinyi kuliko mnavyodhani, kwa sababu simu isiyo na programu haiuziki. Zana za bure, punguzo la makato (sehemu ya mauzo yako inayochukuliwa na duka la programu), hata pesa taslimu, vyote hivyo ni chambo. Kuleni, ila kagueni ndoano kwanza.

Hatua ya 1: Jua watumiaji wako wameshika simu gani

Duniani, takribani simujanja saba katika kila kumi ni za Android, na karibu zote zilizobaki ni iPhone. Hata hivyo App Store, duka la programu la Apple, huingiza fedha nyingi kuliko Google Play, duka la Android. Kwa hiyo kama unategemea watu walipie kila mwezi, iPhone ina uzito. Kama unategemea matangazo au wingi wa watu, nenda Android.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kiingilio

Google Play utalipa dola 25 mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na ukiacha kulipa programu yako inatoka dukani. Android Studio, zana ya kutengenezea programu za Android, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Xcode, zana ya kutengenezea za iPhone, inataka Mac, basi. Wengi husahau kuiweka bei ya kompyuta hiyo kwenye hesabu.

Makato yalikuwa asilimia 30 kwa miaka mingi. Mwaka 2021 kampuni zote mbili zilishusha hadi 15 kwa wadogo, yaani mapato yasiyozidi dola milioni 1 kwa mwaka. Makato haya ni ya bidhaa za kidijitali. Ukiuza viatu au usafiri, unatumia njia yako ya malipo.

Hatua ya 3: Usihongwe

Hapa ndipo pa kutulia. Mwaka 2013 Microsoft ilitoa dola 100 kwa kila programu iliyokubaliwa kwenye maduka yake. BlackBerry nayo iliahidi kwamba programu iliyofuzu vigezo vyake ikiingiza dola 1,000 katika mwaka wa kwanza, kampuni itajazia hadi zifike 10,000. Watu walipeleka programu, tena nyingi. Lakini hongo huleta idadi tu; Snapchat haikuwahi kuja Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, na kijana anayeitaka Snapchat hajali kuna programu ngapi za tochi dukani. Watumiaji wakaondoka, watengenezaji wakafuata. Mifumo yote miwili imeshazikwa.

Kwa hiyo ukiahidiwa fedha ili uandikie mfumo mchanga, uliza kwanza: nani atausasisha mradi huu mwaka wa tatu?

Hatua ya 4: Chagua zana

Mfumo mmoja: lugha ya Kotlin kwa Android, lugha ya Swift kwa iOS. Miwili kwa pamoja: Flutter au React Native, zana za kuandika mara moja na kutoa programu za mifumo yote miwili. Michezo mizito ni somo lingine.

Hatua ya 5: Jiandae na ukaguzi wa mlangoni

Akaunti mpya ya mtu binafsi Google Play lazima iwe na wajaribu wasiopungua 12, waliojiunga siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuchapisha. Watafute mapema. Kwa Apple, mkaguzi anafungua programu, anakutana na ukurasa wa kuingia, hana nywila: anakukatalia. Andika akaunti ya majaribio kwenye maelezo ya ukaguzi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina laptopu ya Windows tu ila wateja wangu wote ni wa iPhone. Nifanyeje?*

Andika kwa Flutter hapo hapo ulipo. Hatua ya mwisho ya kuunda faili la iOS ndiyo inayodai Mac, na hiyo unaweza kuikodi mtandaoni. Azima pia iPhone halisi ya kujaribia.

*Na HarmonyOS, mwalimu? Naona inapigiwa debe.*

Huu ni mfumo endeshi wa Huawei. Toleo lake la NEXT la mwaka 2024 liliacha kabisa kuendesha programu za Android, kwa hiyo unaandika upya. Kama soko lako ni China, ingia. Kama sivyo, mimi ningesubiri. Lakini siilinganishi na BlackBerry: BlackBerry iliruhusu programu za Android, ikawaondolea watu sababu ya kuiandikia. Huawei wamechukua njia ngumu zaidi, na nadhani ndiyo sahihi.

*Kwa nini tusitengeneze tovuti tu, tukaepuka maduka yote?*

Kwa duka, gazeti au fomu, tovuti inatosha kabisa. Arifa za tovuti zilifika iPhone mwaka 2023 na iOS 16.4, ila mtumiaji lazima aiweke kwanza tovuti yako kwenye skrini ya mwanzo, na wengi hawajui pa kubonyeza. Waelekeze kwa picha.