Kula baada ya kupunguzwa mfuko wa chakula: masharti ya daktari katika jiko la Goma

Operesheni hii ya kupunguza mfuko wa chakula ili mtu apungue unene, wengi huifuata nje ya nchi, nao hurudi na karatasi ya masharti ya chakula. Karatasi hiyo iliandikiwa mtu mwenye friji, blenda, na duka la jirani linalouza poda ya protini. Inataja mtindi usio na mafuta na samaki wa baharini, lakini juu ya fufu, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) iko kimya. Wengi wanaoharibikiwa huwa hawajayadharau masharti. Wameshindwa tu kuyahamishia kwenye sufuria yao. Yafuatayo yanasaidia kuyahamisha. Daktari aliyekupasua akikuambia tofauti na haya, fuata lake, maana yeye ndiye anajua alichokishona.

Kwanza ujue ulifanyiwa ipi kati ya operesheni mbili za kawaida. Katika "sleeve", karibu robo tatu hadi nne kwa tano za mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, kinabaki kitu chenye umbo la ndizi kinachobeba kama mililita 100 hadi 150. Katika "bypass", kinatengenezwa kifuko cha kama mililita 30 na kuunganishwa na utumbo mdogo mbele zaidi, kwa hiyo chakula kinaruka ule mwanzo wa utumbo ambako madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Aliye na bypass ana deni kubwa zaidi la vitamini, na sukari humwadhibu haraka zaidi.

Wiki mbili za kwanza: vinywaji tu

Siku ya kwanza na ya pili ni maji, chai nyepesi isiyo na sukari, na mchuzi wa kuku au samaki uliochujwa mpaka ukawa kama maji. Kipimo ni mililita 30 kila dakika 15. Usikisie kwa macho: tumia kile kifuniko cha plastiki cha kupimia kinachokuja na siropo ya kikohozi, kimeandikwa namba ubavuni. Usinywe kwa mrija, unaingiza hewa, na hewa ikikwama humo inauma kama kidonda kimefunguka.

Kuanzia siku ya tatu hivi, ongeza maziwa na uji wa sosoma (mtama, soya, mahindi) uliopikwa mwepesi kiasi cha kupita kwenye kichungi cha chai. Usipopita, bado haujafika wakati wake. Maziwa yaimarishe hivi: glasi ya mililita 200 ya maziwa yaliyochemshwa, koroga ndani vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga, kama gramu 15. Glasi hiyo inakupa kama gramu 11 za protini, na inaweza kukuchukua saa nzima kuimaliza. Maziwa yakikuendesha au kukujaza gesi, badili uende kwa maziwa yaliyoganda, ambayo sukari yake ya asili imepungua. Yachekeche mabonge yote.

Wiki ya tatu na ya nne: chakula kilichosagwa

Hapa sambaza inashinda poda yoyote ya dukani. Sambaza iliyokauka vizuri ina kama gramu 60 za protini kwa kila gramu 100, na kwa kuwa inasagwa na mifupa yake, inaleta kalsiamu pia. Ila ina adui wawili: mchanga na chumvi. Sambaza ikianikwa chini hubeba changarawe, na changarawe kwenye mshono mbichi si jambo la mzaha.

Iloweke kwa maji ya moto dakika 10, isugue kwa vidole, mwaga maji, rudia mpaka chini ya beseni kusibaki hata chembe. Ng'oa vichwa. Ikaange bila mafuta kwenye sufuria juu ya makala yenye moto mdogo mpaka ivunjike ukiibana kwa vidole. Itwange kwenye kinu, ipepete kwa kichungi chembamba, mabaki yarudishe kwenye kinu. Unga unaopatikana ukaushe, uweke kwenye chupa yenye kifuniko. Vijiko viwili vya chakula, kama gramu 15, vinatoa kama gramu 9 za protini. Unaukoroga ndani ya mchuzi wa nyanya uliochujwa, au ndani ya viazi vya Masisi vilivyopondwa na maziwa mpaka vikawa laini kabisa. Usipike kwa mawese mengi, wala pilipili kwa mwezi huu.

Kila mlo ni vijiko vitatu au vinne vya chakula. Maharagwe nayo yanafaa ukiyachemsha mpaka yapasuke, kisha ukayasukuma kwenye kichungi ili maganda yabaki juu. Ganda la haragwe ndilo linalokwama, nyama yake ya ndani inapita kwa urahisi zaidi.

Wiki ya tano na ya sita: vilaini

Yai lililovurugwa na kuivishwa kwa moto mdogo, likiwa bado na unyevu (yai kavu hukwama). Tilapia ya mvuke au ya mchuzi, umeichambua miiba kwa mikono na sio kwa uma. Jibini ya Masisi iliyokunwa: gramu 30, yaani kipande cha upana wa vidole viwili, ina kama gramu 7 za protini. Parachichi lililoiva linapita vizuri, lakini lina mafuta mengi, na kwa kuwa linapita bila kusumbua, mtu hulila zima bila kujua amekula. Robo inatosha.

Baada ya wiki ya saba au ya nane unaanza kuingia kwenye sufuria ya nyumba: kuku aliyechemshwa sana, nyama ya kusaga, lengalenga iliyokatwa ndogo na kutolewa mabua. Sombe iliyotwangwa vizuri na kupikwa saa nyingi inapita. Ile ya malewa (vibanda vya chakula vya barabarani), yenye nyuzi na inayoogelea kwenye mawese, iache. Burosheti ya mbuzi ni ya mwisho kabisa, kwa wengi baada ya mwezi wa tatu au wa nne, na hata hapo ni vipande vidogo kama punje ya mahindi.

Fufu

Hili ndilo swali ambalo kila mtu anauliza, na jibu la karatasi ya nje ni kimya. Tatizo la fufu ya muhogo haliko kwenye wanga peke yake. Liko kwenye namna tunavyoila: tonge linaviringishwa, linachovywa, linamezwa zima. Hakuna anayetafuna fufu. Ndani ya mfuko mpya tonge hilo halisambaratiki upesi. Linanata, linavuta maji, linaziba njia pale penye wembamba. Linalofuata ni maumivu chini ya kifua, mate kujaa mdomoni kama povu, na kutapika bila kutaka. Chikwange (mkate wa muhogo unaofungwa kwenye majani) ni hivyohivyo, hata zaidi.

Kwa hiyo: hakuna fufu kabla ya miezi mitatu kutimia. Ukiianza, ianze na ya mahindi, ambayo hukatikakatika, kabla ya ile ya muhogo. Kiasi ni vijiko viwili vya chakula, mwishoni mwa mlo, baada ya samaki na mboga, kwa kijiko cha chai. Itafunwe. Watu mezani watacheka, wacheke. Kama umeshashiba kabla ya kuifikia, hukukosa kitu: sahani nzima ya fufu ya muhogo inakupa gramu chache tu za protini, na wewe unahitaji 60 hadi 80 kwa siku kutoka kwenye mfuko unaojazwa na kikombe kimoja.

Mwili usipopata protini hiyo unakula misuli yake wenyewe. Nywele kuanguka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida na hurudi. Ila zikizidi kuanguka huku miguu ikivimba na nguvu kuisha, pima kwanza ulichokula.

Siku moja ya mwezi wa tatu inaweza kwenda hivi. Saa moja asubuhi yai moja (gramu 6 za protini), nusu saa baadaye maziwa yaliyoimarishwa (11). Saa nne jibini gramu 30 (7). Saa saba mchana tilapia gramu 70 (14), maharagwe vijiko viwili (3), na mboga kidogo. Saa kumi maziwa tena (11). Jioni viazi kidogo na sambaza iliyosagwa gramu 15 (9). Jumla inafika 61, na hapo hujagusa poda ya kuagiza.

Namna ya kula, na maji

Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Tonge moja liwe dogo kama ncha ya kidole kidogo, litafunwe mpaka lipoteze umbo. Shibe ya zamani ya tumbo kuwa zito haitarudi. Shibe mpya inakuja kwa ishara ndogo: kwikwi moja, chafya, pua kuanza kutiririka, kubanwa kidogo chini ya kifua. Ikija mojawapo, weka kijiko chini, hata kama tonge liko njiani. Tonge la baada ya kwikwi ndilo linalotapikwa.

Usinywe pamoja na chakula. Acha dakika 30 kabla na 30 baada, kwa sababu maji yanakisukuma chakula kitoke haraka, unapata njaa mapema, au yanajaza nafasi ya protini. Ila kwa siku nzima bado unahitaji lita moja na nusu hadi mbili. Njia rahisi ni kuijaza asubuhi chupa ya lita moja na nusu maji yaliyochemshwa na kutembea nayo, ukinywa mafunda. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Ukipata kuhara, usingoje: maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kijiko baada ya kijiko, na kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu mfuko wako hauwezi kunywa kwa pupa na kurudisha kilichopotea.

Fanta, Coca, chai yenye vijiko vinne vya sukari, uji wa sukari: vyote hivi vinaweza kuingia kwenye utumbo ghafla. Dakika 10 hadi 30 baadaye unatoka jasho, moyo unakimbia, tumbo linanyonga, unatafuta choo. Lala chini, itapita. Kuna nyingine inayokuja saa moja hadi tatu baada ya kula: kutetemeka, njaa kali, kizunguzungu, maana sukari ya damu imeshuka. Hii wengi huidhania malaria au uchovu.

Pombe ihame kabisa mwaka wa kwanza. Hasa kwa mwenye bypass, nusu chupa ya Primus inapanda kichwani haraka kuliko zamani chupa mbili.

Kwenye harusi na matanga, omba sahani yako mwenyewe. Ukila kwenye sahani ya pamoja hutajua umekula kiasi gani, na wenzako wana kasi yao. Mama mkubwa akisema umekonda, ule, jibu fupi linatosha: "Niko na masharti ya daktari, mama, nipatie ya kubeba." Chukua, mshukuru.

Vidonge

Hivi ni vya maisha. Kila siku: multivitamini kamili yenye B1, vitamini B12 (mikrogramu 350 hadi 1000 kwa kidonge, au sindano ya 1000 kila mwezi), vitamini D uniti 3000, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500, na chuma: miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayeona hedhi na kwa mwenye bypass. Chuma na kalsiamu vinapigana, viachanishe kwa saa mbili. Chuma usikinywe na chai. Kalsiamu igawe mara tatu. Ile ya sitrati ndiyo bora. Ukikuta farmasi ina ya kabonati tu, inywe pamoja na chakula. Weka akiba ya miezi miwili nyumbani, barabara zetu unazijua.

Ukiumwa kichwa au mgongo, usichukue ibuprofeni wala diklofenaki, hasa kama ni bypass, vinatoboa kidonda kwenye maungio. Chukua parasetamoli. Dawa za sukari na za presha zipimwe upya mapema, kwa sababu dozi ya zamani inaweza kukuangusha. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na mwenye bypass asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango. Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa 12, kisha kila mwaka.

Hatari

Katika wiki za mwanzo, homa, moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika hali umekaa, maumivu ya tumbo yanayopanda bega la kushoto, au kukosa pumzi: nenda hospitali usiku huohuo, huenda mshono umevuja.

Kutapika kunakopita siku mbili ni hatari ya aina nyingine. B1 inaisha mwilini haraka, na kwetu mgonjwa anayetapika hutundikiwa serumu ya glukozi kabla ya swali la pili. Glukozi bila B1 inamaliza ile kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kudhurika: kuona vitu viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Kwa hiyo andika kadi kwa Kifaransa, uiweke pamoja na kitambulisho chako: jina la operesheni na tarehe yake, "thiamine avant glucosé" (yaani B1 kabla ya glukozi), "pas d'ibuprofène ni de diclofénac", na kwamba mpira wa puani usiingizwe bila daktari wa upasuaji. Ya pili kama hiyo mpe mtu unayelala naye nyumba moja.