Chakula na Zawadi za Kumpokea Mgeni katika Nyumba ya Likizo

Mgeni anayefungua mlango wa nyumba aliyoikodi kwa likizo huwa amechoka, ana kiu, na pengine hajui duka la karibu hufungwa saa ngapi. Kwa hiyo chakula cha kumpokea kikadiriwe kwa usiku wa kwanza na asubuhi inayofuata, si kwa ukubwa wa kapu. Maji ya kunywa, mkate, mayai, maziwa, matunda mawili matatu, majani ya chai na sukari vinatosha. Kinachosahaulika ni chumvi na mafuta ya kupikia, ambavyo bila hivyo mayai hayakaangiki.

Siku chache kabla hajafika, mwulize kama yupo katika msafara wake mwenye mzio, au asiyekula kitu fulani kwa sababu ya dini au afya. Karanga, maziwa, mayai, ngano, soya, ufuta na samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio mara nyingi, hivyo usivitoe vitafunio katika pakiti yenye orodha ya viambato kwa ajili tu ya kuvipanga kwenye bakuli zuri. Biskuti ulizooka mwenyewe ziandikie kikaratasi kinachotaja kila kilichomo. Asali haifai kwa mtoto aliye chini ya miezi 12.

Vinavyoharibika upesi vikae kwenye friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo, wala visiachwe mezani zaidi ya saa 2 vikimsubiri mtu ambaye ndege yake huenda imechelewa. Mezani weka kadi fupi: “Karibuni sana. Maziwa na mayai yamo kwenye friji, ni yenu.” Maneno hayo mawili ya mwisho yasikosekane, kwa kuwa mgeni mwenye haya hatagusa kitu asichoambiwa ni chake.

Zawadi iwe nyepesi na isiyovunjika, kama kipande cha sabuni nzuri. Chupa ya jamu humfaa anayerudi kwa gari. Msafiri wa ndege mwenye mzigo wa mkononi pekee huenda akanyang'anywa, kwani viwanja vingi huihesabu kuwa kimiminika, ambacho kikomo chake kwa kawaida ni mililita 100. Zawadi iliyochapishwa jina la biashara yako, kwa maoni yangu, ni tangazo tu.

Mgeni akiondoka, kilichofunguliwa kitupwe, na kilichobaki kimefungwa kikaguliwe tarehe kabla ya kuwekewa mwingine.