Kabla hujafuta Linux kwa sababu ya sauti

Mwalimu wa kwaya aliniletea laptopu yake Jumamosi, imefungwa kwenye khanga. "Fundi, imekuwa bubu. Nilishaipeleka kwa mwenzako, akafuta kila kitu akaweka upya, na bado ni bubu." Nikamuuliza nyimbo za kwaya ziko wapi. "Si zilikuwa humo humo." Sikuwa na la kumjibu.

Sauti kwenye Linux (mfumo endeshi, kama ilivyo Windows) hupokezanwa kwa mikono. Chini iko ALSA, sehemu ya keneli (kiini cha mfumo) inayoongea na kadi ya sauti yenyewe. Juu yake iko PipeWire, au PulseAudio kwenye mifumo ya zamani, inayogawa sauti baina ya programu. Kazi yako ni kujua mkono upi umeangusha mzigo, basi. Anzia chini.

Fungua dirisha la amri, andika:

aplay -l

Kwa mwalimu, mwenye Linux Mint 22, kadi ilitajwa vizuri: HDA Intel PCH. Kama kwako haitajwi hata moja, na kwenye mipangilio ya sauti unaona "Dummy Output" peke yake, keneli haijaiona kadi. Laptopu mpya za Intel mara nyingi huwa zimekosa fimwea ya SOF, yaani programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe. Kwenye Debian kifurushi chake kinaitwa firmware-sof-signed. Kisakinishe, zima mashine, iwashe tena. Kama kadi inatajwa lakini "Dummy Output" bado imeng'ang'ania, aliyekwama ni PipeWire. Mwamshe, bila kuweka sudo (neno la kuomba mamlaka ya msimamizi) mbele:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

Kisha andika alsamixer, kidhibiti cha sauti cha ALSA. Hapa ndipo wengi hupotea. Inafunguka na mnara mmoja tu, mtu anaona umejaa, anasema "mbona iko sawa". Mnara ule ni wa PipeWire, si wa kadi. Bonyeza F6, chagua kadi yako, uone minara yenyewe: Master, Headphone, Speaker na mingine. Chini ya kila mnara angalia herufi. MM maana yake umezibwa mdomo. Sogea hapo kwa mshale, bonyeza M, igeuke 00. Halafu panda na mshale wa juu. Nimeshapokea mashine tatu ambazo ugonjwa wake wote ulikuwa MM moja chini ya Speaker.

Ya mwalimu ilikuwa 00 kote. Nikafunga kivinjari, nikaijaribu:

speaker-test -c 2 -t wav

Kimya.

Nikafungua pavucontrol, programu ya kuelekeza sauti ya PipeWire (kama huna, isakinishe, haina uzito). Kwenye kichupo cha "Configuration" tazama wasifu ("Profile") wa kadi. Ukiwahi kuchomeka televisheni au projekta kwa waya wa HDMI, mara nyingine sauti hubaki imeelekezwa huko hata waya ukishatoka. Rudisha "Analog Stereo Duplex". Laptopu za Intel za kizazi cha 4 na cha 5 zina kadi mbili kabisa, ya HDMI na ya kawaida, kwa hiyo kwa hizo chagua kadi ya kawaida kwenye "Output Devices", ubonyeze alama ya tiki ya kijani.

Hapo hapo kwenye "Output Devices" ndipo nilipomkamata mwizi. Mahali pa "Port" paliandikwa Headphones, na mashine inasema zimechomekwa. Tundu la hedifoni lilikuwa tupu, nalitazama kwa macho yangu. Nikachomeka hedifoni zangu, sauti ikaja safi. Nikazitoa, kimya.

Ndani ya tundu lile kuna kibati chembamba kinachosogezwa na pini. Ndicho kinachoiambia kadi inyamazishe spika. Nikazima laptopu, nikatoa betri, nikazungusha pamba kidogo kwenye kijiti cha meno, nikailowesha spiriti kwa mbali, nikazungusha taratibu. Ikatoka nyuzi ya bluu, rangi ya mkoba wake, imeshikana na vumbi kama kokwa dogo. Usitumie sindano: kibati kikipinda, umeununua ugonjwa.

Tundu likiwa limekufa kabisa, rudi alsamixer, kwenye kadi halisi, nenda kulia hadi "Auto-Mute Mode", weka Disabled kwa mshale. Kisha pavucontrol chagua Speakers mwenyewe. Kadi nyingine hazina kipengele hicho. Hapo ni kubadilisha tundu.

Nikaiwasha, nikarudia jaribio. Spika ya kushoto ikatamka "Front Left". Mwalimu, aliyekuwa anachungulia barabarani, akaitikia, "Abee!"